Barafu ya Alaska

Haya yalimpata Nsimire, rafiki yangu wa Highview, hapa Louisville, na hadi leo hataki kipande cha barafu kwenye glasi yake. Yeye na mumewe Murhula walikwenda Alaska kumwona wifi yake aliyejifungua. Kabla ya kurudi, wakapanda meli ndogo ya watalii kwenda kutazama mlima wa barafu.

Meli iliingia katika mkono mwembamba wa bahari. Kuta za mawe zilipanda pande zote mbili, mpaka mchana ukawa giza. Nahodha akazima injini. Katika kimya kile Nsimire akasikia sauti ya kutafuna, polepole, kwa mdomo wazi, ikitoka majini.

"Murhula, iko mutu anakula?"

"Bon, Mama Aksanti, ni barafu iko inapasuka tu," mumewe akamjibu, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Baharia aliopoa pande la barafu kwa wavu, akalivunja, akawatilia abiria kwenye vikombe vya juisi. Alisema iliganda kabla babu wa babu zetu hajazaliwa. Nsimire akatia kipande kinywani. Kilipoyeyuka, ulimi wake uligusa kitu laini, kimelowa mate mazito yasiyo yake. Akakitema kiganjani.

Murhula aliinama kutazama, kisha akarudi nyuma, amejiziba mdomo. Lilikuwa tonge la bugali na sombe, yale majani ya muhogo ya kwao nyumbani, limekwisha kutafunwa, na bado lilikuwa na joto.