Koti la Manyoya Kwenye Jua la Bumala

Hapana, Selipher, kijana hana homa. Wala si wazimu. Mwache avuje jasho hapo hapo. Hilo koti lenye manyoya ya kondoo ndani linaitwa farwa, wanaume wa Kiarabu hulivaa wakati wa baridi, na leo Hezron atakaa nalo kwenye jua hili mpaka mjukuu wangu Damaris amwambie vua. Chakula hakitoki jikoni kabla ya hapo. Najua, kuku anapoa. Hata mimi nina njaa. Lakini wewe umeolewa juzi tu kwetu, hukuwepo, na umeuliza. Basi vuta kiti.

Damaris alikuwa anafanya kazi ya nyumba kule Riyadh. Kulikuwa na madam, na kulikuwa na mama yake madam, mzee wa magoti mabovu, wanamwita Mama Kabiri. Huyo mama alikuwa na mtoto wa kiume Jeddah. Kila mwaka kabla ya baridi kuanza anapanda ndege kwenda kumsalimia, na mwaka huo Damaris akamfuata akibeba mkoba na dawa.

Sasa, Jeddah ni joto. Hata Desemba feni inazunguka. Siku hiyo walikuwa wamefika asubuhi tu, na Mama Kabiri akataka kwenda Balad, ule mtaa wa zamani wenye nyumba za mawe ya bahari na madirisha ya mbao. Watu wamejaa, wachukuzi wanapiga kelele "yalla, yalla" na mikokoteni yao, udi unanukia, samaki anakaangwa. Mama Kabiri akaketi kwa muuza manukato. Damaris akaenda kwa muuza blanketi, akawa anashindana naye bei ya lile nene kuliko yote.

Nyuma yake akasikia Kiswahili.

"Dada, hilo blanketi ni la nani? La ngamia?"

Damaris akageuka. Abaya nyeusi, mtandio wa zambarau, raba nyeupe miguuni, macho yake kama ya marehemu bibi yangu akikuta mbuzi kwenye mahindi.

"Ni la kukuziba mdomo."

"Mkenya! Nilijua tu. Mimi Hezron, wa Butere." Kijana alikuwa amevaa shati la mikono mifupi limepigwa pasi mpaka linakata, miwani ya jua kichwani, marashi mengi kupita kiasi. "Sasa blanketi Jeddah? Watu hapa wanalala na feni kichwani."

"Mimi nakaa Riyadh."

"Riyadh si Saudia hii hii? Si jangwa hili hili? Baridi itoke wapi, kwa friji?"

"Umewahi kufika Riyadh?"

"Bado."

"Basi wacha kuongea, beba." Akamtupia blanketi mikononi, akatangulia.

Akabeba! Shati lote likashika manyoya. Alikuwa dreva, ametumwa kumchukua mama wa bosi wake kwa muuza manukato. Na msichana anaelekea huko huko. Walipofika, Mama Kabiri akacheka mpaka akashika mbavu. "Hezron! Nani amekupa kazi ya uchukuzi?"

Ndiyo hivyo. Bosi wake ni ndugu wa madam wa Damaris. Wiki nzima aliwaendesha wale wanawake, kando ya bahari, dukani, kwa daktari wa magoti, na jicho moja liko kwenye kioo cha gari, linaangalia kiti cha nyuma.

"Angalia barabara," Damaris anamwambia.

"Naangalia kesho yangu."

"Utaikuta hospitali."

Damaris alipopanda ndege kurudi Riyadh, tayari anaitwa Dama, na kijana anaitwa Hez. Mapenzi ya simu yakaanza.

Hapa sasa ndipo mimi hukasirika. Nisamehe nikipaza sauti.

Chumba cha Damaris kilikuwa juu ya paa, kando ya matangi ya maji. Mlango wa chuma, dirisha lina ufa. Hita imekufa. Akimwambia madam, jibu ni "bukra", yaani kesho. Bukra ya leo, bukra ya kesho. Na Riyadh ikishikwa na baridi, Selipher, si baridi ya kuota moto ukiimba. Upepo unatoka jangwani kavu, unaingia kwenye mfupa unakaa humo.

Akampigia Hezron. "Hez, mpenzi, vidole vyangu vimekufa. Asubuhi maji ya ndoo yalikuwa na barafu juu."

Huyo bwana amelala kifua wazi, feni inazunguka, anakula chungwa. "Barafu Saudia! Dama wangu, wewe ungeenda redioni kwa vichekesho."

"Sichekeshi. Naomba kitu kimoja. Mwambie bosi wako amwambie dada yake anishushe chini, karibu na Mama Kabiri. Neno moja tu. Mimi nikimwambia huyo mzee, nitamgombanisha na mtoto wake, kisha nitakaaje humo? Lakini ndugu akisema, madam atasikia."

"Nikamwambie bosi ati jangwani kuna baridi? Atanicheka. Vaa soksi mbili, switi."

Akamwomba tena. "Umesema?"

"Nitasema."

"Umesema, Hez?"

"Kwani wewe pia! Hata bosi mwenyewe yuko busy. Nitasema."

Hakusema. Neno moja, Selipher! Mdomo aliopewa na Mungu, ulioweza kuongea mambo ya ngamia na friji Balad pale, ukashindwa kusema neno moja.

Halafu siku moja akapiga simu ya video kutoka Riyadh. Damaris uso umekonda, macho mekundu, amejifunika hilo koti unaloliona. Alikuwa na jambo kubwa la kumwambia. Hata hajafungua kinywa.

"Hilo koti ni la mwanaume," Hezron akasema.

"Hez, sikiliza kwanza, jana—"

"La nani?"

"Jana ilinyesha mvua ya mawe, mimi—"

"Mawe tena! Damaris, nauliza koti ni la nani. Ndiyo sababu ya hizi hadithi za baridi? Kuna mtu anakupa joto huko?"

Damaris akalivuta koti mpaka shingoni. Akamwangalia. Kisha akasema polepole, "Nimekuambia nakufa na baridi, hukuona. Umeona koti. Halas. Tumemaliza." Akakata simu, akamfungia kabisa. Hezron akipiga, mafi. Hakuna. Akatupa simu kitandani, akalipiga teke blanketi, kisha akakumbuka hana blanketi, amepiga ukuta. Akachechemea wiki nzima, na bado hasira yake haikupungua.

Bosi wake akamwita asubuhi moja. "Hezron, washa gari. Mama ananiita Riyadh. Amekasirika, na hasemi kwa simu ni nini."

Wakapanda milima ya Taif. Ukungu. Kisha mawe ya barafu yakaanza kupiga gari, tak, tak, tak, mpaka kioo cha mbele kikapata ufa, barabara ikawa nyeupe kama unga umemwagika. Walisimama kwenye kituo cha petroli. Hezron akashuka na shati lake la mikono mifupi na ndala za Jeddah, akakanyaga barafu. Bosi anasema alisikia mlio ambao hajawahi kuusikia kwa mtu mzima.

Mtu angedhani hapo angeelewa. Hapana. Ubishi wa kwao Butere! Akawa anajiambia, sawa, baridi iko. Lakini koti je?

Walipofika Riyadh, bosi akaingia ndani, na mara sauti zikaanza, ya kwake, ya madam, ya mama mzee juu ya zote. Hezron akabaki uani anatetemeka, meno yanagongana. Mlango wa jikoni ukafunguka. Damaris akatoka na chupa ya chai. Amevaa farwa.

"Mama amesema nikuletee."

"Mwenye hilo koti yuko wapi? Nionyeshe."

"Kunywa chai, unakuwa bluu."

"Sitaki chai! Nionyeshe huyo mwanaume!"

"Huwezi kumwona."

"Kwa nini? Amejificha?"

"Amekufa, mjinga wewe!" Damaris akaweka chupa chini kwa kishindo. "Ni la mzee wa Mama Kabiri, baba ya bosi wako. Lilikuwa kwenye sanduku. Unataka kujua lilivyonifikia? Ile siku ya mawe, baada ya vyombo vya mchana, nilibeba jiko la mkaa juu, lile la kufukizia udi. Nikafunga dirisha. Ule ufa nikauziba kwa blanketi letu la Balad. Nikasema nipate joto kidogo tu nipumzike. Mkaa hauna moshi, Hezron. Unakulaza kama mtoto. Mama Kabiri aliita kahawa, akaita, nikawa sijibu. Alipanda zile ngazi na yale magoti. Alinivuta miguu mpaka nje, juu ya barafu, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Nilipoamka nilikuwa ndani ya hili koti, na yeye amenishika kichwa analia. Na mtu wa kwanza niliyempigia ni wewe."

Chai inatoa mvuke kati yao.

"Neno moja," Damaris akasema. "Ungesema, singebeba ule mkaa."

Sasa, huyu kijana nimemtukana sana, lakini hapa nimpe haki yake. Hakulia pale wala hakupiga magoti kama wale wa kwenye televisheni. Alivua ndala, akaenda mpaka mlango wa sebule, akaita, "Bosi!" Wote wakageuka. "Bosi, Damaris aliniomba nikuambie kuhusu kile chumba. Aliniomba mara nyingi. Sikukuambia. Nilimcheka. Kama unanifukuza, nifukuze."

Bosi akasimama. Akamfokea kwa Kiarabu mpaka mishipa ya shingo ikatoka, kwamba angesema siku ile ile, kwamba damu ya mtu si mchezo. Kisha akageuka akamfokea dada yake zaidi. Madam akaangalia zulia. Mama Kabiri akagonga fimbo: "Huyu msichana hapandi tena zile ngazi. Atalala karibu na mimi, na hita inunuliwe leo. Nikisikia tena bukra, nahamia Jeddah."

Ikanunuliwa. Ikawekwa. Kumbe ilikuwa inawezekana.

Uani, Hezron alikuwa bado hana viatu.

"Dama."

"Usiniite hivyo."

"Nimekosa. Nifanye nini?"

Damaris akavua farwa, akamtupia mabegani, maana alikuwa anakufa kweli. "Mkataba wangu unaisha, Mama amenipa hili koti niende nalo nyumbani. Wewe ukitaka kunioa, utakuja Bumala kwa babu yangu. Utalivaa kuanzia barabarani. Utakaa nalo mbele ya watu wote, juani, mpaka mimi niseme."

"Bumala? Kule jua linapasua kichwa!"

"Vaa soksi mbili, switi."

Ndiyo hiyo, Selipher. Na mimi nilisema sitamsemea hata neno. Kaa, kaa, usiinuke. Huyo anakuja.

Damaris ametoka jikoni na kitenge chake cha kijani, mikono ina unga wa ugali. Ameshika gilasi ya maji, barafu inagongana ndani. Anasimama mbele ya Hezron, ambaye uso wake umekuwa kama chungu kilichotoka motoni.

"Hii ni nini, Hez?"

"Barafu."

"Unaiamini?"

"Naiamini, Dama. Mungu wangu, naiamini yote."

Anainua gilasi. Mimi nawajua watu wangu, nadhani atammwagia. Kisha anainama, anafungua kifungo cha koti shingoni, mwenyewe, polepole.

"Vua. Umeloa kama samaki."

Anampa maji. Anachukua farwa, anaikung'uta, anaitundika kwenye msumari wa ukumbini, mahali pake. Haya basi, watoto, leteni maji ya kunawa, leteni kuku, leteni ugali. Selipher, sogea, mpishe shemeji yako akae. Tukae wote. Tule.