Amefika Dirishani

Duka la mbegu lilikuwa limefurika hadi mlangoni, watu wakisukumana kama wanagawiwa bure, ndipo mkono wa Kijani ulipokutana na mkono mwingine juu ya mfuko wa mwisho wa mbegu za klova.

"Kaka, achia," alisema bila hata kugeuka.

"Dada, nimetangulia mimi."

Akageuka. Alimwona mwanamume mrefu mwenye shati la samawati lililopigwa pasi mpaka ungedhani likivuliwa litasimama lenyewe. Yeye Kijani alikuwa na gauni la njano lenye udongo kwenye pindo, na kucha ambazo sabuni ilishazikatia tamaa. Kazi yake ilikuwa kupamba bustani za watu, na jina lile alipewa na wateja.

"Unajua ulichoshika?"

"Klova. Yale majani ya vijani vitatu vitatu. Nataka kufunika ua wa nyuma."

"Na kwa nini usipande nyasi kama binadamu wenzako?"

"Nyasi hazina habari," mwanamume akasema.

Kijani alicheka mpaka watu wakageuka. Alidhani ametaniwa. Na mwanamke aliyekwisha kupendezwa, nani amwambie kuwa hakutaniwa?

Wakapatana pale pale: mfuko auchukue yule bwana, mradi mbegu azipande Kijani.

Bwana alikuwa fundi miwani. Aliishi peke yake katika nyumba yenye dirisha pana la sebule lililotazama ua wa nyuma, na ua wenyewe ulikuwa udongo mtupu, kuta pande zote, bila mti hata wa kutundikia kamba. Kijani alilainisha udongo kwa reki, akachanganya mbegu na mchanga mkavu kwa sababu ni ndogo mno kurushwa peke yake, akazitawanya, kisha akamwita mwenye nyumba.

"Vua viatu, mpenzi mteja. Zinashindiliwa kwa miguu."

"Mpenzi au mteja?"

"Kanyaga kwanza. Cheo utapewa baadaye."

Wakakanyaga ua wote bega kwa bega, wakicheka kama watoto waliotoroka shule. Walipopumzika kwenye kizingiti, fundi alimwambia kwamba yeye ni mgane, kwamba mkewe alifia katika nyumba ile, na kwamba marehemu alipenda kusimama pale nje, nyuma ya kioo, akimtazama mumewe akisaga lenzi zake. Kijani akasema pole. Aliisema kwa moyo, lakini hakumwuliza zaidi. Wafu wa watu aliwaheshimu kwa mbali.

Klova ikaota. Kwanza ukungu wa kijani, kisha zulia, ikatambaa ikajaza kila pembe. Simu nazo zikaota.

"Umekula, mrembo wangu?"

"Nimekula. Umemwagilia, mvivu wangu?"

"Nimemwagilia. Njoo uhakikishe."

Alikwenda kuhakikisha mara nyingi kuliko klova yoyote inavyohitaji. Na ni katika safari hizo alipoona kipande kile karibu na bomba. Jua lilikuwa la utosi. Klova hukunja majani yake na kulala giza linapoingia, hilo alilijua, na huyafungua asubuhi. Lakini pale, mchana kweupe, majani yalikuwa yamelala. Hayakunyauka wala hayakuwa na wadudu. Yalijikunja tu, mahali pa kumtosha mtu kusimama na kivuli chake, na kivuli hakikuwapo.

Akapamwagia maji. Alipokuja tena, bomba lilizungukwa na majani yaliyo macho, na kipande kilicholala kilikuwa katikati ya ua. Safari iliyofuata, kilikuwa karibu na njia ya mawe. Alipochuchumaa akapaweka kiganja, palikuwa na baridi kama sakafu ya chumba kisichofunguliwa.

"Ni ugonjwa?" alijiuliza, na hakupenda jinsi sauti yake ilivyotoka.

Siku moja mvua ilimzuia kwenda, akapiga simu.

"Klova imefika wapi, baba?"

Fundi alikuwa akisaga lenzi; mashine ilisikika ikinguruma. Akajibu kama mtu aliyeulizwa jambo la kila siku.

"Amefika dirishani."

Mashine ikazimwa.

"Nani?" Kijani akauliza.

"Imefika. Nimesema imefika."

"Umesema amefika."

"Ulimi umeteleza, mpenzi."

Kijani akaenda na habari hiyo moja kwa moja kwa shangazi yake, aliyekuwa akipiga pasi.

"Huyo alisoma," shangazi akasema, akitema maji kidogo kwenye kola. "Ngeli anazijua. Huyo ana mtu ndani."

"Labda kweli aliteleza, shangazi."

"Mwanangu, mimi nimeolewa na wanaume walioteleza. Nenda bila hodi."

Akaenda bila hodi. Alipita ubavuni mwa nyumba, na kabla hajakata kona akamsikia fundi akizungumza kwa sauti ambayo Kijani hakuwahi kupewa.

"Leo umechoka? Sogea basi, mpenzi. Sogea, jua kali."

Kijani akatokeza. "Yuko wapi? Mtoe nje nimwone!"

Fundi alikuwa amesimama ndani, viganja vyake vimebandikwa kwenye kioo. Hakukuwa na mtu mwingine. Akanyoosha kidole taratibu, si ndani bali nje, chini ya dirisha. Majani yalikuwa yamelala pale, yamejikunja, kifua kwa kifua na fundi, kioo kati yao.

"Nilikuwa na kopo la klova dirishani," akasema. "Kila nilipohisi yupo, majani yake yalikunjika mchana. Kopo ni dogo. Nikataka mahali ambapo nitamwona akitembea."

Kijani akarudi nyuma hatua moja.

"Kwa hiyo mimi," akasema polepole, "nilikuja hapa na reki yangu, nikakupandia mke wako."

"Sikujua kama nitakupenda."

"Na sasa unajua?"

Fundi akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, macho yake yakashuka kwenye klova. Ni kidogo tu, lakini Kijani aliona, akaondoka.

Simu zikaita hadi shangazi akaifunika ile simu kwa mto. Kijani alipanda bustani za watu wengine, akapogoa, akatabasamu kwa wateja, na kila alipoona kivuli kwenye majani alikitafutia mwenyewe. Mwishowe akapokea.

"Njoo uing'oe," fundi akasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Yote. Nimechagua, nami siwezi kuifanya kwa mkono wangu."

Akafika na jembe. Fundi alibaki sebuleni, ameupa ua mgongo, mabega yakitikisika. Klova ilikuwa imetoa maua meupe, nyuki wakizunguka kila mahali isipokuwa mahali pamoja. Kile kipande kilikuwa pale pale chini ya dirisha, kikimtazama mwanamume asiyemtazama.

Kijani akainua jembe. Likabaki hewani.

Aliwaza hivi: nikiing'oa klova, huyu hataondoka. Atakuwapo vilevile, atazunguka vilevile, ila mimi sitajua amesimama wapi. Nitapika, atakuwa nyuma yangu. Nitalala, atakuwa miguuni. Mke mwenza nisiyemwona wa nini? Heri huyu, nikimtaka nachungulia tu.

Akaliweka jembe chini. Akavua kandambili, akafunga leso yake vizuri, kama mtu anayeingia ukumbini kwa watu wazima.

"Shikamoo, bi mkubwa," akasema.

Nyuki wakanyamaza. Fundi akageuka kule ndani.

Kijani hakukimbia, ingawa nywele za kisogoni zilitaka. Alisubiri. Na polepole, kama mtu anayejisogeza kwenye benchi, usingizi ule ukahama. Majani ya upande mmoja yakafunguka, ya upande wa pili yakajikunja, mpaka chini ya lile dirisha pakabaki nafasi iliyo wazi, ya kumtosha mtu mmoja.

Akaingia, akasimama pale. Fundi akafungua dirisha.

"Utakaa?" akamwuliza. "Kama mke wangu. Utakaa?"

Kijani alihisi baridi ikimpanda mguu mmoja tu, ule wa kushoto, na upande huohuo kitu chepesi kikaegemea bega lake.

"Tutakaa," akajibu.