Shimo Lililofukiwa Tupu

Jumamosi hiyo mjomba Twalibu alikuwa chumbani kwake chuoni, anapiga pasi suruali ya bugaluu, mkaa umekolea, mluzi unamtoka taratibu. Mwaka sabini na sita, nyuma ya Kongowe ya Kibaha. Jina la chuo nalimeza. Wasomi wana mdomo, na mimi niliyekimbia umande darasa la sita sitaki maneno nao, ingawa kwa habari za makaburi nawafundisha wote.

Mlango ukafunguka bila hodi. Onesmo, mwenyekiti wa Udugu wa Mkorosho, akaingiza kichwa.

"Mtani, kesho jua la utosini. Njoo na sanda yako. Mgomba tutakukatia sisi."

"Mnyamwezi umejua sanda lini? Kwenu si mnazikana na vibuyu vya asali?"

Onesmo akacheka, akaenda zake. Twalibu akaendelea na pasi, ila mluzi ulikuwa umekwisha.

Bara nzima chama kilikuwa kimoja, lakini vijana saba pale chuoni walikuwa na chao, cha siri, chini ya mikorosho iliyotelekezwa nyuma ya mabanda ya ng'ombe. Ukikubaliwa, umeula: chumba cha upepo, minofu jikoni, na maswali ya mtihani unayaona kabla wino wa mwalimu haujakauka. Sharti lake ulale kaburini. Kwetu Kisarawe kaburi likishachimbwa na asipatikane wa kulazwa, haliachwi tupu. Huzikwa mgomba uliovikwa sanda, shimo lisije likadai mtu. Onesmo aliliona hilo kwenye msiba mmoja, akaona ni mchezo mtamu. Basi mgeni wao hulazwa shimoni, hufunikwa mbao na udongo, akapumulia bua la jani la mpapai. Huulizwa jina mara tatu, akajibu. Akitolewa, mgomba unazikwa badala yake, naye anahesabiwa ndugu.

Twalibu hakufuata minofu. Mwaka uliotangulia kaka yake, Mfaume, baada ya kuwadokezea nyumbani siri ya udugu ule, aliingia shimo hilohilo. Mama mmoja, baba mbalimbali, kwa hiyo majina yao hayakufanana na pale chuoni hakuna aliyewaunganisha. Wiki ile maiti ya Mfaume ililetwa nyumbani Mzenga. Ameteleza Ruvu, walisema, amekufa maji. Babu yao Mwishehe ndiye aliyeiosha. Alipomaliza akamvuta Twalibu nyuma ya nyumba, akafungua kiganja.

Udongo mwekundu.

"Umetoka puani," akanong'ona. "Na tope la Ruvu ni jeusi, mjukuu wangu."

"Walimfukia, babu?"

"Wakamtoa keshakufa, wakamtupa mtoni. Shimo wakalifukia tupu. Sasa lina njaa, na mgomba halitaki tena. Wakiuweka, litaurudisha lichukue mwenye jina. Nenda kasome hukohuko. Wakikulaza wakakuuliza jina, lako usilitaje. Mtaje aliyemlaza ndugu yako."

"Nikimwonea huruma?"

"Utamtoa. Kwa kulitaja jina lako mahali pake."

Jumapili saa sita, jua utosini, hata ndege wamefunga midomo. Twalibu akalala shimoni na sanda yake. Mbao zikapangwa. Udongo ukaanza kudondoka juu yake kama mvua ya mtama. Akabana bua la mpapai mdomoni.

"Nani amelala humo?" Onesmo akauliza kutoka juu.

Twalibu akalitoa bua. "Onesmo."

Kicheko. "Mzaramo huyu hata kaburini ana utani. Nani amelala humo?"

"Onesmo."

"Haya, mtani, umetuweza. Mara ya mwisho. Nani amelala humo?"

Twalibu akafumbua kinywa. Mchanga ukamwingia, akakifumba. Jibu likatoka hata hivyo. Lilitoka ubavuni kwake kushoto, mahali ambapo hata mkono usingeenea.

"Onesmo."

Sauti ya Mfaume.

Juu hakuna aliyecheka.

Walimtoa harakaharaka, wakatumbukiza mgomba, wakafukia. Chakula cha jioni ugali kwa maharage. Onesmo akala tonge mbili, akakohoa. Akajifuta kwa kiganja. Akakitazama kiganja muda mrefu, kisha akakificha chini ya meza. Twalibu alikuwa ameshaona. Kilikuwa chekundu, na damu haina changarawe.

Siku ya tatu Onesmo hakuweza kulala chali. Kila akilala alisema dari imeshuka. Alasiri akamwita Twalibu, akamshika shati.

"Mtani," akanong'ona, "nitoe."

"Mfaume ni kaka yangu."

Onesmo akafumba macho. Pumzi ilipita kooni mwake kama inapenya kwenye mrija.

"Bua liliziba," akasema. "Akawa anagonga mbao. Tulimsikia. Alikuwa mtani wetu, siku zote mzaha. Tukasema anatutania. Tukakaa juu yake tunakula korosho mpaka akanyamaza."

Twalibu alikuwa na jina lake mwenyewe ulimini. Tamko moja tu na yule mtu angepumua. Akalisikilizia. Akalimeza.

"Na mimi nakutania, mtani," akasema, akaurudishia mlango.

Asubuhi kitandani kwa Onesmo walikuta mgomba. Umevikwa sanda, umefunikwa shuka mpaka shingoni, unadondosha maji ya udongo kwenye mto. Mwenye kitanda hayupo. Ndugu sita wakatoka mbio, wengine hadi Maili Moja, bila viatu, wasomi wazima. Chuo kikaandika kwamba Onesmo ni mtoro.

Twalibu alikwenda mikoroshoni peke yake. Udongo ulikuwa vilevile, umeota ukungu wa umande, hakuna alama ya jembe. Katikati limechomoza bua moja la mpapai, bichi. Akachutama. Akaweka kiganja juu yake.

Hewa ya moto ikapita. Ikaingia. Ikatoka.

Kisha, chini kabisa, mbao ikagongwa. Mara tatu.

Akaweka kidole gumba juu ya tundu la bua. Akabonyeza. Akakaa hivyo, jua likipanda, mpaka kimya kikawa kimya kweli.

Leo mjomba analima mihogo Mzenga, chuo hakumaliza, na swala haimpiti. Hula kwa kijiko, mtu wa pwani mzima, na mkono hampi mtu. Kwenye gumba la mkono wa kulia ana duara dogo, mviringo wa bua, na ukucha wake hautakati udongo mwekundu hata ausugue kwa jivu. Mimi siogopi mtu wala jini, waulizeni. Idi iliyopita nikamwambia, lete mkono mjomba, acha maringo. Akanitazama, akanipa.

Lile duara likagusa kiganja changu. Lilikuwa na ubaridi. Na lilikuwa linanyonya, kidogokidogo, kama mdomo unaotafuta hewa.