Shanga za Nakiru na Ganda la Moto

Nyumbani kwa mama Atiir, pale Kanamkemer mjini Lodwar, chai ilinywewa kimya. Wanawake wawili walikaa mlangoni wakitazama njia iendayo Kalokol. Mmoja ni mama Atiir mwenyewe. Wa pili ni Nakiru, mke wa mwanawe Ekaale. Ekaale alishika njia hiyo akienda Longech, ziwani, kuvua samaki, na sasa mwaka umepita. Simu yake haipatikani. Wavuvi wanaorudi wanasema hawajamwona. Hakuna anayesema amekufa, na hakuna anayesema yu hai.

Nakiru alikuwa mpweke kuliko mjane. Mjane huliliwa, hupewa pole, watu humtembelea. Mwenye kungoja hutembelewa na nani? Majirani hawakujua wamwambie nini, basi wakaacha kuja.

Shingoni alivaa shanga zake zote, nyekundu, manjano na buluu, kutoka mabegani hadi karibu na kidevu. Kwao mke wa mtu havui shanga hizo ovyo. Akionekana shingo tupu, watu hujua amefiwa. Kwa hiyo Nakiru alilala nazo na kuamka nazo. Aliyetaka kuuliza habari za Ekaale alizitazama, akapita.

Siku moja ilitangazwa kwamba wanatafutwa watu wa kujiunga na polisi wa akiba, wanawake pia. Nakiru alijiandikisha.

"Nenda, mwanangu," mama Atiir alisema. "Ukikaa hapa na mimi, nyumba hii itakumaliza."

Mafunzo yalikuwa nje ya Kakuma, mahali pakavu penye kilima cha kuzuia risasi. Aliyewafundisha aliitwa Sajenti Omollo. Hakupenda maneno mengi, lakini akianza kukueleza jambo hakuachi mpaka uelewe. Aliwaambia wafunge vifungo vyote vya shati. Wavae kofia yenye ukingo, miwani ya kukinga macho, na vizibo vya masikio.

Shati la Nakiru halikufunga shingoni. Shanga zilizuia.

"Hizo vipi?" Omollo aliuliza.

"Hizi hazitoki, Afande."

"Zitakuletea shida."

Nakiru alikiacha kifungo cha juu wazi. Akasimama kwenye mstari pamoja na wenzake, bunduki mkononi. Kushoto kwake alikuwa Aukot, mchunga mbuzi mrefu wa kutoka Kapedo.

Wakaanza kupiga shabaha. Sasa, kila risasi inapotoka, bunduki hutema ganda, kile kikopo kidogo cha shaba kilichobeba baruti. Ganda hurukia upande wa kulia. Na kulia kwa Aukot alikuwa nani? Nakiru. Ganda la Aukot liliruka, likatua begani kwake, likaingia kati ya shanga na ngozi. Likakwama hapo, likichoma.

Usimcheke. Hata wewe ungeruka. Nakiru aliruka, akageuka, mkono mmoja ukifukua shanga. Mkono wa pili bado ulishika bunduki, kidole kikiwa kwenye kifyatulio. Mdomo wa bunduki ukapita kwenye vifua vya wenzake, mmoja baada ya mwingine.

"Acheni kupiga!" Omollo alipaza sauti. Aliishika bunduki ya Nakiru, akaielekeza kilimani, akaitoa risasi. Hakuna aliyeumia. Lakini kila mtu alikuwa ameona.

Wakati wa chai, Nakiru aliketi kwenye benchi. Waliokuwa hapo wakainuka. Hata Asekon, waliyelala naye hema moja, alichukua kikombe chake akaenda kusimama juani.

"Huyu mama atatumaliza," Aukot alisema, wala hakushusha sauti.

Nakiru aliinamia chai yake. Upweke wa nyumbani aliuzoea. Huu wa hapa aliuleta mwenyewe, na ulimuuma kuliko kile kidonda.

Omollo alikuja na maji safi. Akamwambia akimwagie kidonda mpaka moto upoe, asipake mafuta wala dawa ya meno. Kisha akakaa kando yake.

"Ganda likitoka lina moto sana," alisema. "Likikuangukia, mwili unataka kuruka. Hapo ndipo watu huuawa. Moto wa ganda utakuachia alama. Risasi itamwachia mwenzako kaburi."

"Sasa nifanye nini likinichoma, Afande?"

"Vumilia kidogo. Toa kidole kwenye kifyatulio. Mdomo wa bunduki uendelee kutazama kilima, hata ukichomeka. Funga kitufe cha usalama, isiweze kupiga. Weka bunduki chini. Ukishaiachilia, basi ruka, cheza, vua shati ukitaka. Hakuna atakayekulaumu."

"Na shanga?"

"Shanga zinafanya mfuko wa kushika moto. Tena hazikuachi uweke shavu vizuri kwenye kitako cha bunduki. Jumatatu ukija nazo, hutapiga."

Nakiru alitazama mchanga. "Afande, nikizivua, watu watasema mume wangu amekufa. Mama yake atalia."

Omollo alikuna kichwa. "Ya bunduki nayajua. Hayo ya nyumbani kwako siwezi kukuamulia."

Jumamosi Nakiru alipanda gari hadi Lodwar. Alimkuta mama Atiir akichambua maharagwe.

"Ejok, mama," alimsalimu.

"Ejok. Nani amekuchoma?"

Nakiru alimweleza yote. Alidhani ataambiwa aache mafunzo, na moyoni alikuwa amekubali. Mama Atiir alisikiliza huku vidole vikiendelea na maharagwe. Mwishowe vidole vikasimama.

"Ungeweza kumuua mtoto wa mtu?"

"Ningeweza, mama."

"Naye ana mama anayemngoja kama mimi."

"Bila shaka anaye."

"Kungoja huku nakujua mimi. Usimpe mama mwingine." Akapangusa mikono kwenye leso. "Njoo hapa."

Nakiru alipiga magoti. Mama Atiir alizifungua shanga uzi mmoja baada ya mwingine, akaziweka kwenye ungo. Nakiru alizitazama pale ungoni.

"Mama, wakija kutoa pole?"

"Nitawafukuza. Ekaale nimemzaa mimi. Siku ya kulia nitakwambia mimi, si majirani."

Nakiru alilia, na mama Atiir akamwacha alie. Shingo ilikuwa nyepesi, na wepesi huo ulimtisha.

Jumatatu alirudi Kakuma na skafu ya pamba. Akafunga shati mpaka juu, akaizungusha skafu shingoni isibaki nafasi. Kabla ya kupiga, Omollo aliwapa zoezi. Mmoja alishika bunduki isiyo na risasi, mwenzake akamwangushia ganda lililopoa. Nakiru alirudia na kurudia mpaka Asekon akachoka kuokota.

"Wewe mama, huchoki?" Asekon aliuliza.

"Nachoka. Dondosha tena."

Kisha wakapiga kwa risasi za kweli. Aukot alikuwa kushoto tena, na hakufurahi. Ganda lake la kwanza liligonga skafu ya Nakiru, likaanguka chini. La pili liliingia kwenye mkunjo wa mkono wa shati, hapo kwenye kiwiko. Likachoma.

Mwili wote wa Nakiru ulitaka kugeuka. Hakugeuka. Alitoa kidole. Mdomo wa bunduki ukabaki kilimani. Akafunga usalama, akalaza bunduki chini, akarudi nyuma. Ndipo akaukung'uta mkono kwa nguvu, machozi yakimtoka. Ganda likaanguka mchangani.

Asekon aliinama kuliokota.

"Liache lipoe," Nakiru alimwambia.

"Mmeona?" Omollo aliwauliza wote. "Hivyo hivyo."

Walipomaliza, bunduki zikakaguliwa. Maganda yaliyopoa yakaokotwa kwa glavu na kurudishwa kwa sajenti, maana si vitu vya kuwapelekea watoto wachezee. Wakanawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwa sababu vumbi la risasi lina sumu.

Nakiru aliketi kwenye benchi lile lile, akainamisha kichwa. Alisikia benchi likilia. Aukot alikuwa ameketi kando yake na birika, Asekon akafuata.

"Sasa naweza kusimama karibu na wewe siku nzima," Aukot alisema. Kisha akaiona shingo yake tupu, kwa kuwa skafu ilikuwa imelegea. Sauti yake ikashuka. "Pole, mama. Sikujua. Mzee wako amefariki?"

Mwaka mzima hakuna aliyemuuliza kwa mdomo.

"Hajafa," Nakiru alisema. "Hajarudi tu."

Aukot hakujua aseme nini. Akammiminia chai, akabaki hapo hapo.