Profesa Aliyeficha Dirisha Jekundu

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha mlango. Ya pili haikuwahi kutoka.

Msumari alimtia mpigaji kiwiko cha koo, akamnyang'anya bastola, akamfunga pingu kwenye kiti chake mwenyewe cha ofisi chenye magurudumu. Mtu mzima, suti ya bei mbaya, analialia kama aliyekanyagwa kidole. Wageni waliomkodi autie maji sumu walimwita Profesa. Nani alimpa huo uprofesa, hakuna ajuaye.

"Umechelewa, binti," Profesa alihema. "Saa sita kamili mchana mashine inajiwasha upya. Klorini itamwagika mara hamsini ya kipimo."

Saa sita kasoro dakika nne.

Chumba hiki ndicho kilichoendesha mtambo wa kutia dawa maji ya mji mzima. Na ya hospitali pia, ambako mdogo wake Msumari alikuwa amelazwa, ameunganishwa na mashine ya kusafisha damu.

Simu ikalia. Mkuu wake wa kikosi.

"Piga risasi kompyuta."

"Pampu zitazima. Hospitali itakauka."

"Afadhali ikauke kuliko wanywe sumu. Ni amri."

Msumari alielekeza bastola yake ya Glock kwenye kompyuta. Kisha akatupia jicho skrini. Kabla ya kukabidhiwa bastola alikuwa ameandika programu miaka mitano.

Profesa alikuwa ameichokonoa funksheni moja, kipande cha maagizo chenye jina *pimaDawa*. Ukikipa kiasi cha maji, kinakurudishia kiasi cha klorini. Pampu tatu zilikiita, kila moja ikikipa namba hiyo moja tu. Yeye akakiongezea namba ya pili, ya kuzidishia, akaiagiza kompaila igeuze maandishi kuwa lugha ya mashine. Halafu, kwa ujuaji wake, akaficha dirisha la kompaila kwenye skrini kabla ya kusoma jibu.

Msumari akalifungua.

Mistari mitatu myekundu, mmoja kwa kila pampu: *pimaDawa inataka namba mbili, imepewa moja.* Chini yake: *Programu mpya haikuundwa.*

"Mkuu, sipigi."

"Unasemaje?"

"Kabadilisha funksheni, kasahau pampu zinazoiita. Kompaila imemkatalia. Inayoendesha mtambo ni programu ya zamani."

"Una hakika? Mdogo wako yuko kule."

"Ndiyo maana nimesoma mara mbili."

Profesa alikodoa macho, akajirusha na kiti chake kuelekea kibodi. Msumari alikisukuma kwa buti. Kiti kikateleza hadi ukutani na bwana mkubwa wake juu.

Saa sita.

Mashine ikazima. Ikawaka. Mshale wa klorini ukasimama palepale ulipokuwa asubuhi.

Msumari alikwenda kwenye bomba la kupimia maji, akajaza glasi, akainywa yote mbele ya Profesa bila kuharakisha.

"Kompaila ilikwambia mara tatu," alisema, akifuta midomo. "Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angesoma."

Akamtupia funguo za pingu mlinzi wa mtambo aliyekuwa amefika mlangoni, akatoka kwenda kumwona mdogo wake. Saa za kuona wagonjwa zilikuwa zimeanza.