Nyumba ya Teresina

Fundi Kizza alikuwa akiondoka, hata hajafika getini na begi lake la nyaya, pale Janepher alipogundua kwamba nyumba ina simu moja zaidi.

Alikuwa amejinyoosha sebuleni, akifurahia kutumia mtandao akiwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, jambo ambalo tangu ahamie nyumba ile halijawahi kumtokea. Programu aliyowekewa na Kizza ilionyesha kila kitu kilichounganishwa: simu yake, simu mbili za Ladu mumewe, televisheni. Chini kabisa, kama mgeni asiyejua kupiga hodi, palikuwa pameandikwa Simu ya Teresina.

Teresina alikuwa mke wa kwanza wa Ladu. Alishakufa na kuzikwa kabla Janepher hajatia mguu Juba.

Tuseme ukweli, hata huo mtandao mpya uliletwa na wivu. Ruta ya kampuni ya intaneti ilikuwa imefungwa enzi za Teresina, chumbani kwake, na tangu afariki chumba kile kilitiwa kufuli. Mtandao ulipenya dirishani kidogo tu. Janepher, ambaye aliuza mawigi kutoka Kampala kwa njia ya WhatsApp, ilimlazimu abebe kigoda akakae nje, chini ya dirisha la marehemu, ndipo picha ziwafikie wateja wake wa mitaa ya Mangateen na Bilpam. Mwanamke mzima, mwenye nyumba, anaomba mtandao ukutani kwa mke mwenzake! Tena mke mwenza mfu! Na jina la mtandao wenyewe lilikuwa Nyumba ya Teresina, kwa hiyo kila akiwasha simu alikumbushwa yuko kwa nani.

Mke mwenza aliye hai ana nafuu yake. Siku moja ataunguza mboga, siku nyingine atamjibu mume vibaya, na wewe utapata pa kupumulia. Aliyekufa haunguzi mboga tena.

Ladu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa muuza vipuri vya pikipiki katika soko la Jebel, mtoto wa ukimbizini aliyekulia Uganda, mpole, asiyeinua sauti. Lakini kila alipoulizwa ataondoa lini matanga ya marehemu, alisema kiangazi kikiisha. Kiangazi kiliisha. Mvua zikaja, barabara ikageuka tope, kiangazi kingine kikaingia. Na kwa watu wake, kabla matanga hayajaondolewa, chumba cha marehemu hakifunguliwi, kitu chake hakitolewi, na mfiwa hasimami kanisani na mke mwingine. Ndiyo maana Janepher alikuwa akipika, akifua, akilala kitanda kimoja na mwanamume ambaye hajamvika pete. Alichotaka duniani kilikuwa hicho tu: awe mke wa Ladu, si mtu anayemshikia marehemu nafasi.

Basi akanunua vile visanduku vyeupe vitatu vya kusambaza mtandao, akamsumbua Ladu mpaka akautoa ufunguo.

Siku ya kuvifunga, Kizza alipiga magoti mbele ya ruta ya zamani, akaipangusa vumbi kwa kiganja.

"Nyabo, hii ya kampuni haiguswi," alimwambia Janepher kwa heshima ya Kiganda. "Ni yao, inabaki hapa hapa. Mimi nazima tu waifai yake. Sanduku yetu ya kwanza inakula kwa waya kutoka kwa hii, hizo ingine mbili zinapokezana kwa hewa. Moja sebuleni, moja kwa chumba ya kulala."

"Na jina?" aliuliza Janepher. La kwake alikuwa nalo tayari, Nyumba ya Janepher, na moyo ulimdunda kulifikiria tu.

"Jina mpya ni sawa, lakini itabidi kuunganisha kila kitu upya. Ukiacha jina ya zamani na pasiwadi ya zamani, kila simu iliwahi kuingia hii nyumba itaingia yenyewe. Haitauliza mtu."

"Acha ya zamani," alisema Ladu. Alikuwa amesimama mlangoni, hajavuka kizingiti.

"Ladu, jamani..."

"Kalas, Janepher. Mlango umetaka, nimefungua. Jina utaacha."

Akaliacha. Kizza akaandika jina la marehemu katika kila kisanduku, na Ladu akakirudishia chumba kufuli lake.

Sasa rudi kwenye ile simu ya ziada. Wakati wa chakula cha mchana Janepher alimpakulia mumewe asida na bamia, akangoja amege tonge la kwanza, kisha akauliza kama mtu anayeulizia chumvi.

"Simu ya marehemu iko wapi?"

Ladu alitafuna pole pole. "Nilimwekea mkononi. Ndani ya sanduku. Alizikwa nayo."

Mtu mwingine angeogopa. Janepher alikasirika. Aliona moja kwa moja kwamba anadanganywa, kwamba simu ile haijazikwa popote, kwamba kuna mwanamke, hai, mwenye miguu miwili, aliyepewa simu ya marehemu na anazunguka nyuma ya ukuta akisubiri yeye aende sokoni. Wivu hauna macho. Alikagua uani, akachungulia kwa jirani, akanusa mashati ya Ladu, na kwenye kola ya moja akakuta harufu ya udi ambao yeye hakuwahi kuuchoma.

Akaanza kuivizia ile simu katika programu, maana programu ilionyesha pia kila kifaa kiko karibu na kisanduku kipi. Ladu akiwa dukani, Simu ya Teresina ilitulia kule kwenye chumba chenye kufuli. Pikipiki yake ikilia getini, simu ilihamia sebuleni. Akienda kulala, ilihamia chumbani. Awali ilikuwa haina pa kupita zaidi ya chumba chake. Sasa nyumba nzima ilikuwa njia.

Adhuhuri moja, jua limewaka hadi mbwa wa mtaa wamelala chini ya malori, Ladu alirudi kujipumzisha. Janepher alikuwa jikoni uani akichagua mchele. Alitupa jicho kwenye simu: Simu ya Teresina, chumba cha kulala.

"Leo nimekushika," alisema, akaweka ungo chini.

Aliingia kwa ncha za vidole, akapita sebuleni ambako kisanduku cheupe kiliwaka kitaa chake bila kupepesa, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ya udi ilivyozidi, nzito, ya moto, kana kwamba chetezo kimewekwa sasa hivi chini ya kitanda, na ndani ya harufu ile palikuwa na harufu nyingine ya udongo uliochimbwa, na alisikia kitambaa kikiburuzwa sakafuni, na sauti ya mwanamke akiimba kwa kufunga mdomo, wimbo wa kumbembeleza mtu alale, na hata hapo, Mungu amsamehe, bado alikuwa akitafuta maneno ya kumtukania huyo mwanamke atakapomfumania.

Akasukuma mlango. Ladu alikuwa amelala peke yake, ukingoni kabisa mwa kitanda, kama mtu aliyempisha mwenzake. Mto wa Janepher ulikuwa umebonyea katikati. Mbele ya macho yake ulibonyea zaidi.

"Teresina," alinong'ona Ladu usingizini, akitabasamu, "lala tu. Hajui."

Janepher hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume hadi uani, akaibonyeza ile simu katika programu, akachagua kuizuia isiingie tena. Ikafutika. Alivuta pumzi moja tu. Kisha simu yake mwenyewe ikatetema mkononi: Kifaa hiki kimezuiwa kuingia Nyumba ya Teresina. Kutoka kwenye chumba chenye kufuli kikaja kicheko cha mwanamke, cha chini chini, cha mtu aliyeridhika.

Alitoka vilevile, unga wa mchele ungali mikononi, hadi chini ya mlima Jebel Kujur, kwa mtu ambaye hakuwahi kukanyaga kwake: Haboba Night, yaani Bibi Kizee Night, mama mzazi wa Teresina. Watu walimwita kikongwe huyo nyumba zilipochafuka, kwa maana alijua kusema na waliotangulia. Alimsikiliza Janepher hadi mwisho bila kumkatiza.

"Nani nafungua mlango?" aliuliza.

"Mimi, Haboba."

"Na nani napeleka jina yake kwa vyumba yote?"

"Ladu."

Kikongwe alitikisa kichwa kwa huzuni. "Nyinyi wawili mnafanya kazi moja. Matanga bado, na nyinyi natoa kitu kwa chumba yake mnatembeza. Sasa sikia, binti yangu. Hiyo inacheka, si mtoto wangu. Teresina alizikwa na Mungu anamchukua. Lakini chumba ya mfu ikikaa sana bila kufungwa sawasawa, jini inaingia, inavaa mwenye chumba. Inavaa sauti, inavaa harufu. Ilikuwa na chumba moja. Nyinyi naipa nyumba."

"Itatoka?"

"Itatoka. Lakini mimi peke yangu siwezi. Mume ndiye anaishika. Mume lazima aseme nenda, na mdomo yake. Neno likitoka hapo mbele ya maji, halirudi."

Walifika nyumbani kwa Ladu jua limeanza kuinama. Haboba Night alimketisha Ladu kwenye kigoda mbele ya chumba chenye kufuli, akamsimamisha Janepher ubavuni kwake, akaweka kibuyu cha maji katikati. Alinyunyizia kisanduku cha sebuleni, kisha cha chumba cha kulala, akisema Kibari, lugha ya kwao, kwa sauti ya mtu anayemgombeza mtoto. Taa zake zilizimika moja baada ya nyingine. Kuta zikaanza kugongwa kwa ndani. Harufu ya udi ilijaa ukumbini hadi macho yakatoa machozi, na ndipo kitasa cha mlango, kufuli likiwa bado linaning'inia, kikaanza kuzunguka.

"Ladu," ilisema sauti nyuma ya mlango, tamu, ya karibu. "Ladu, joto huku. Unaniacha tena?"

Ladu alishika uso kwa mikono miwili.

"Usijibu hiyo!" alisema Haboba Night. "Mimi nilimzaa Teresina, mimi najua sauti yake. Hiyo ni jini, Ladu. Sema neno. Sema mara moja, na kesho tunaondoa matanga, na huyu anakuwa bibi yako kanisani."

Moyo wa Janepher uliruka. Katika woga wake wote, alilisikia lile neno, kanisani, akauona mkono wake ukiwa na pete. "Sema, mume wangu," alinong'ona. "Sema tu twende tukaishi."

"Na kama si yeye?" aliuliza Ladu. Alikuwa akilia waziwazi. "Haboba, kama ni jini, basi ni jini. Inaniita vile alikuwa ananiita."

"Ladu!"

"Sauti yake, Haboba. Mimi nilikuwa naanza kuisahau."

Aliinuka kutoka kwenye kigoda. Akauangalia mlango kwa muda mrefu, jinsi Janepher alivyotamani kuangaliwa hata siku moja tu. Kisha akamgeukia Janepher, akamtazama machoni, mbele ya maji.

"Nenda," alisema.

Kibuyu kilipasuka, maji yakatiririka sakafuni hadi kwenye miguu ya Janepher, na kugongwa kwa kuta kukakoma. Haboba Night alifunika mdomo kwa kitambaa chake. Alikuwa amezeeka ghafla.

"Chukua nguo zako, binti yangu," alisema. "Neno limetoka. Mimi siwezi kurudisha. Usilale hapa leo."

Janepher alifunga mawigi yake na magauni machache katika mfuko, huku mikono ikifanya kazi peke yake. Hakuna aliyemzuia. Kikongwe alimshika mkono hadi getini, akimsihi asitazame nyuma, na Janepher aliahidi, na akatazama.

Kufuli lilikuwa chini. Ladu alikuwa ameufungua mlango wa chumba kile na kuushikilia kwa mkono mmoja, amejibana pembeni kwa adabu, kichwa ameinamisha kidogo, akimpisha mtu apite kwanza. Yeye hakuwahi kumshikia Janepher mlango. Na pale getini, palipostahili hofu, alichokisikia moyoni kilikuwa wivu, wivu mtupu, kama siku ya kwanza.