Msumari wa Kumi na Moja

Jumatatu saa mbili asubuhi, mlango wa wagonjwa wa nje hauna tofauti na mnada. Huyu anakohoa, yule kapoteza kadi, watoto wanalia kwa zamu kama waliopangiwa. Katikati ya vurugu hiyo alisimama bibi mfupi mwenye koti la bluu lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, raba nyeupe miguuni, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi wa cherehani. Kila aliyeingia aliambiwa neno moja, "Njoo huku," kisha akaonyeshwa pa kwenda. Hospitali nzima ikamwita Bi Njoohuku.

Hakuwa analipwa. Alikuwa na miaka sabini na minane, na thelathini na sita kati ya hiyo aliimalizia mlangoni pale. Daktari wa kwanza kumwonya kwamba kujitolea kutamuua alikwisha kufa yeye, tena akiwa kitandani, kapumzika.

Siku hiyo macho yake yalitua kwenye benchi la tatu. Alikuwapo mzee mrefu, suti ya kahawia imemzidi mabegani, kofia kaipakata kama mtoto. Jumatatu iliyopita alikuwa hapo hapo. Na ile ya kabla yake.

"Mzee, njoo huku. Unaumwa nini?"

"Presha."

"Wamekupima?"

"Wamenipima. Iko sawa."

"Na wiki iliyopita?"

"Sawa vile vile."

"Sasa bwana mzima wa afya, benchi la wagonjwa unalifanyia nini?"

Mzee akaitazama kofia yake. "Hapa pana watu," akasema.

Bi Njoohuku alikuwa na utani tayari ulimini. Akaumeza. Nyumbani kwake kulikuwa na vikombe sita kabatini, na kimoja tu ndicho kilichokuwa kikilowa maji.

"Ulikuwa na kazi gani?"

"Fundi saa. Miaka arobaini. Simu zikaja zikanizika."

"Mbona bado unapumua? Itazame ile ukutani."

Mzee akainua macho. "Inasema saa kumi."

"Ya wodi ya wazazi inasema saa sita. Humu ndani mtoto anazaliwa kabla mama yake hajashikwa na uchungu. Kesho uje na bisibisi."

Akaja, ndevu kanyoa, shati jeupe, na manukato yaliyotangulia mbele yake kama mtumishi. Bi Njoohuku akampeleka kwenye chumba kidogo cha wanaojitolea. Nyuma ya mlango kulikuwa na misumari kumi na miwili, na kwenye kila msumari koti, yote kayashona yeye mwenyewe enzi za cherehani yake.

"Wa kwanza ni wangu. Huu wa kumi na moja ni wako, Fundi. Asubuhi unavaa, ukiondoka unatundika. Koti halitoki humu, linafuliwa hapa hapa. Ukikuta msumari mtupu, ujue mwenyewe kafa, au tumemshukuru aende zake. Sisi hatuandikiani barua."

"Na kipi afadhali?"

"Kufa. Ukishukuriwa na mimi utajutia."

Fundi akacheka, kicheko chenye kutu, cha mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

Kabla ya mwezi kwisha, saa zote za hospitali zilikuwa zinasema neno moja. Akahamia kwenye viti vya magurudumu, akavitia mafuta vikaacha kulia. Bisibisi yake ilikuwa na ncha kali. Ilitoboa mfuko wa koti, ikawa inamdondoka ukumbini, naye anainama kuiokota huku akiguna.

"Usiiname hivyo," Bi Njoohuku akamwambia. "Ukikwama, mimi sina nguvu za kukunyoosha."

"Nikikwama nitakwama miguuni pako. Kuna pabaya zaidi."

"Mzee huyu. Nenda wodi ya macho ukatibiwe."

Kila siku saa kumi na mbili jioni Bi Njoohuku alimpigia simu.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Umekula?"

Mara ya kwanza aliposikia swali hilo, Fundi alimwomba alirudie. Tangu mkewe afe, miaka tisa, hakuna aliyewahi kumuuliza. Wanawe walikuwa nchi za mbali, nao huuliza hali ya hewa.

Jumatano moja, wakinywa chai kwenye ngazi za nyuma, Fundi alimuuliza, "Hivi wewe, nani alikuweka mlangoni pale?"

Akazungusha kikombe. "Marehemu mume wangu. Walinipigia simu kazini, nije upesi. Nikafika, nikauliza wodi namba saba, kila mtu ana haraka. Huyu kaniambia juu, yule kaniambia nyuma. Nimezunguka nusu saa nzima. Nilipoipata, walikuwa wanamfunika shuka." Akamwaga machicha ya chai. "Kesho yake nilirudi kuchukua nguo zake. Nikamkuta dada mmoja mlangoni anauliza wodi namba saba. Nikamshika mkono. Tangu hapo sijaondoka."

Fundi alimsogelea kidogo kwenye ngazi, bega likagusa bega. Akasema, "Ningekuwa na miaka kumi pungufu, ningekuposa."

Moyo wa bibi ulipiga kama wa msichana aliyeitwa na mwalimu mkuu. Lakini ulimi uliozoea mzaha haujui njia nyingine. "Ungekuwa na kumi pungufu, ungenitazama mimi?" akasema, akainuka na kikombe chake.

Fundi akabaki kwenye ngazi, anajiuliza kama lile lilikuwa jibu.

Jioni hiyo Bi Njoohuku akafanya kosa. Alilitoa koti kwenye msumari wa kumi na moja, akalikunja, akaenda nalo nyumbani kulishonea mfuko wa turubai, ambao bisibisi haiwezi kuutoboa. Desturi aliiweka mwenyewe, na mwenyewe akaivunja, kwa kuwa mtu anayependa hahesabu misumari. Kwa haraka zake hata kupiga simu akasahau. Asubuhi akautazama mfuko, akaona umekaa upande. Akaufumua, akaushona tena, mpaka mara tatu. Akachelewa saa nzima, mara ya kwanza katika miaka thelathini na sita.

Fundi alifika saa moja kamili. Mlangoni hapana mtu. Nyuma ya mlango, msumari wa kumi na moja mtupu.

Akautazama kwa muda. Akakumbuka ngazi, akakumbuka simu iliyokaa kimya jana yake. *Nimeshukuriwa,* akajisemea. Akavaa kofia, akatoka kwa njia ya nyuma ili asionwe.

Bi Njoohuku alimsubiri siku hiyo mpaka jioni, chini ya saa aliyoitengeneza yeye. Ilikwenda sawasawa, dakika baada ya dakika, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu. Saa kumi na mbili akapiga simu. Imezimwa. Kesho yake imezimwa. *Wanaume ni wale wale,* akauambia ukuta. *Kasema neno tamu, kakimbilia kujificha.* Koti akaliacha ndani ya mkoba. Kulitundika akaona ni kujidhalilisha. Nyumbani akaosha kikombe kimoja. Cha pili, alichokuwa amekitoa kabatini kwa matumaini yasiyo na jina, akakirudisha mahali pake.

Siku ya tano akamjia mwalimu mstaafu, mwenye msumari wa nne, kainamisha kichwa.

"Pole sana, Bi. Alikuwa mtu mwema."

"Nani huyo?"

"Fundi. Tumeona tusikusumbue kuuliza mazishi."

"Kafa?"

"Mimi nimejuaje? Msumari si mtupu?"

Bi Njoohuku akamkazia macho. Kisha akautazama mkoba wake, polepole, kama mtu aliyesikia kitu kinatembea ndani.

"Mwalimu, shika mlango."

"Mimi? Wodi zenyewe sizijui vizuri."

"Usimdanganye mtu. Usilolijua, mshike mkono mkatafute wote."

Fundi alikuwa amewahi kumwambia anakaa nyuma ya kiwanda cha sabuni, ghorofa ya tatu. Hakumwambia kwamba majengo ni manne na yote yanafanana kama soksi. Akauliza hapa, akaonyeshwa kule. Huyu ana haraka, yule ana simu sikioni. Kwenye ngazi za jengo la tatu magoti yalimgomea, na kwa mara ya pili maishani aliogopa kwamba akifika atakuta shuka.

Ndipo akasikia. Tik, tik, tik, nyingi kama mvua juu ya bati, nyuma ya mlango wa kijani. Akagonga.

Fundi alifungua, shati kalifunga vifungo vya kupishana, ndevu za siku tano. Nyuma yake, ukutani na mezani, saa tupu: za mkono, za mezani, za ukutani, kila moja na kikaratasi.

"Ni za nani zote hizi?"

"Wateja. Walileta, nikatengeneza, hawakurudi kuzichukua." Akashika fremu ya mlango. "Nazitia ufunguo kila asubuhi. Labda mtu atakumbuka." Akatabasamu bila furaha. "Nimefika umri huu, Bi, najua kitu kinavyoonekana kikiachwa dukani. Hukuwa na haja ya kuja kunieleza."

Bi Njoohuku akafungua mkoba, akamkabidhi koti. Fundi akaligeuza, akaingiza mkono mfukoni, akapapasa turubai, akaufuata mshono kwa kidole kama anavyofuata meno ya gurudumu la saa.

"Umefumuliwa huu," akasema taratibu. "Mara mbili."

"Mara tatu. Usinitangaze."

Saa zikaongea.

"Nimekuja kuchukua changu," akasema bibi. "Nimechelewa, najua."

"Kikaratasi unacho?"

"Sina."

"Bila kikaratasi, fundi hatoi kitu."

"Basi andika sasa hivi. Na lile neno lako la ngazini, la miaka kumi pungufu: sitaki pungufu. Nataka yote, pamoja na magoti yake."

Fundi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaifuta tena. "Umekula?" akauliza.

"Tangu Alhamisi, si vizuri."

"Ingia."

Jumatatu iliyofuata mwalimu mstaafu aliingia kwenye chumba kidogo, akautazama msumari wa kumi na moja, akamfuata Bi Njoohuku mlangoni mbio, mkono kifuani.

"Bi, msumari uko mtupu tena. Safari hii ni kweli?"

Bibi hakugeuka. Alikuwa amemshika mkono kijana mmoja aliyekuwa akitetemeka, anauliza wodi namba saba, na hatua zao zilikwisha kuanza.

"Tazama wa kwanza, mwalimu," akasema. "Makoti yapo mawili. Fundi hajafa. Kahamia."